Mashine Mbili, Nyumba Moja

Hakufa. Nasema mapema, kwa sababu kuna mama mmoja wa Musaga aliyepiga simu gazetini mara tatu wiki hii, akitutukana. Mama, tulia. Saliha hakufa Ijumaa ile. Ila ukimaliza kusoma ya leo, huenda ukatamani ningemwacha afe.

Tulimwacha chini, sebuleni kwake, Buyenzi, saa kumi alasiri. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye duka la vipuri vya magari aliloachiwa na marehemu baba yake, na chini ya ngozi ya kifua chake mashine ndogo inayousukuma moyo kila unapochelewa kupiga. Alikuwa anampelekea dada yake Houda chakula. Sahani ikapasuka, naye akaangukia juu ya wali na samaki wadogo wa ndagala.

Houda akasimama juu yake. Mkono mmoja ulishika fimbo. Wa pili ulishika telekomande, yaani rimoti, ya mashine yake mwenyewe, ile aliyopandikizwa mgongoni kule Nairobi ili imtulizie maumivu.

Hakuita mtu. Alibonyeza.

"Saba," Saliha alimsikia akisema, polepole, kama mtu anayehesabu mayai. "Nane."

Saliha alitaka kusema, dada, nisaidie. Ulimi ulikataa. Aliona kidole gumba cha Houda kikishuka tena juu ya kile kitufe.

"Tisa."

Giza.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Sauti ya mwanamume, mlangoni. Na palepale, msomaji, si kabla, Houda alirudisha namba hadi tatu, akatupa fimbo, akapiga yowe lililosikika hadi avenyu ya pili:

"Yarabi! Mdogo wangu anakufa! Jamani, mdogo wangu!"

Moyo wa Saliha ukaruka mara moja. Ukakaa. Ukaruka tena. Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa dada yake, na machozi ya Houda yalikuwa yanamdondokea usoni, ya kweli, ya moto.

"Nilisema nimeshakupoteza," Houda alinong'ona, akimbusu kwenye paji la uso.

Saliha alimwamini? Nusu. Aliyezimia husikia mengi. Labda zile namba aliziota.

Aliyepiga hodi alikuwa Byamungu, fundi wa redio na simu, Mkongomani wa Uvira. Kabla ya vita kumfukuza kwao alikuwa akitengeneza mashine za hospitali. Siku hiyo alikuja kurudisha redio ya nyumba, na aliibeba ikiwa imewashwa ili waone imepona. Hakuwa anamtazama Saliha. Alikuwa anaitazama redio.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Mi nikiwa pale mlangoni, redio inalia krr, krr, krr. Gafula ikanyamaza. Na mama akafungua macho."

"Basi hujaitengeneza vizuri," Houda alisema.

"Redio imepona, mama. Humu ndani iko kitu kinapiga makelele."

Telekomande haikuwa tena mkononi mwa Houda.

Saliha hakulala vizuri siku hiyo, wala hakumwambia mtu. Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, alimwita Byamungu arudi na redio ileile. Houda hakuwa na njia ya kukataa mbele ya watu. Tajudini, mume wa Saliha, msimamizi wa duka la mkewe, mtu wa sauti ya chini na manukato mazuri, alikaa kwenye kochi kutazama.

Byamungu aliwakalisha dada wawili bega kwa bega. Akamshika Saliha kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

"Mama Houda, weka ine."

Kwa namba nne redio ilisoma habari zake kama kawaida.

"Weka sita."

Krr. Krr. Krr.

"Nane."

Ukuta ukainama. Saliha aliona picha ya Makka ikiteleza kuelekea sakafuni, na hakuna kilichokuwa kinateleza ila yeye.

"Imepotea!" Byamungu alipaza sauti. "Siisikie tena! Punguza, mama!"

Houda alimgeukia mdogo wake, akamtazama usoni. Akavuta pumzi. Akaitoa. Akavuta nyingine.

"Punguza, nasema!"

Akapunguza.

"Kidole kimeteleza," alisema.

Byamungu alifuta jasho, akaeleza, na nyote mtamwelewa kwa sababu alieleza kama fundi, si kama daktari.

"Sikia, mama Saliha. Mashine yako ya moyo inasikilizaka kwanza. Ikisikia moyo umepiga, inanyamaza. Ikisikia kimya, inasukuma. Sasa hii ya dada inasemaka kwa njia ya redio, na ikipanda juu inapiga makelele sana. Ya kwako inasikia yale makelele, inazani ni moyo. Inanyamaza. Na moyo wenyewe umesimama."

Saliha alihesabu. Mara saba. Mara saba tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa ameanguka, jikoni, uani, sebuleni, na mara zote Houda alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Watu walimwambia ni uchovu. Shangazi alimwambia ni jicho la watu.

"Dawa yake ni gani?"

"Daktari aliyekuwekea anaweza kuifundisha isidanganywe tena. Lakini ye anarudi huku nyuma ya wiki tatu. Mpaka siku ile, musikae nyumba moja."

"Basi dada ataenda Ruziba, kwa shangazi," Saliha alisema. "Wiki tatu tu."

"Apana."

Ilikuwa mara ya kwanza Tajudini kufungua mdomo. Hakupandisha sauti.

"Umfukuze? Wewe? Saliha, gari ile, siku ile, nani alikuwa anaendesha?"

Saliha aliiona tena siku ile.

Miaka mitatu iliyopita. Barabara ya kusini, kona, ziwa upande mmoja na mlima upande wa pili. Saliha kwenye usukani, simu mkononi, anacheka ujumbe wa shoga yake. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Houda alitolewa na wanaume wanne, akiwa amekunjwa vibaya, akilia kwa sauti ambayo Saliha huisikia hadi leo kila anapowasha gari. Mchumba wa Houda alikuja kumwona hospitalini mara moja, na maua. Hakurudi.

"Atakaa," Saliha alisema, macho chini. "Ila asipandishe. Mwisho tatu."

"Tatu," Houda aliitikia. "Kwa ajili yako, mdogo wangu, hata moja."

Namba tatu! Hamjui tatu ni nini kwa mtu mwenye mgongo ule. Jumapili Houda hakuweza kukaa. Alizunguka nyumba akiegemea kuta, kanga ikiwa katikati ya meno. Jumatatu alienda chooni akitambaa, na Saliha alipotaka kumwinua, alimsukuma. Kila alipogeuka, sauti ilimtoka bila ridhaa yake, fupi, kama ya mbuzi. Saliha jikoni alikata vitunguu, akavikata tena vilivyokwisha kukatwa, ili mikono isikae.

Jumanne asubuhi alishindwa. Alipiga magoti mbele ya mkeka wa dada yake.

"Dada, pandisha. Weka hata nane. Mi nitashinda dukani mpaka magharibi, huko mashine yako hainifikii."

Houda alimshika mkono, akaubusu kiganjani.

"Allah akulipe," alisema. "Akulipe kama unavyostahili."

Saliha alitoka akiwa analia kwa furaha. Mjinga, mtasema. Ndiyo. Upendo wa damu humfanya mtu mjinga, na yeye alikuwa nao mwingi.

Saa sita mchana alikuja mteja anataka mkanda wa Corolla. Mikanda ilikuwa stoo, na funguo za stoo Saliha alikuwa amezisahau nyumbani, juu ya friji. Ni mwendo wa dakika kumi. Akamwambia mteja angoje.

Aliingia kwa mlango wa uani. Gari la Tajudini lilikuwapo. Hilo lilimshangaza kidogo, kwa sababu asubuhi alimwambia anakwenda Carama kuonana na fundi seremala. Akanyoosha mkono kwenye pazia la sebuleni.

"Ulikuwa umeshafika tisa." Sauti ya Tajudini. "Kwa nini ulishuka?"

"Fundi alipiga hodi." Sauti ya Houda.

"Ungemaliza kwanza, ndipo umfungulie."

Houda akacheka. Saliha alikuwa hajamsikia dada yake akicheka kwa miaka mitatu. Kicheko kilikuwa kilekile cha zamani, cha utotoni, cha kitanda kimoja.

"Taju, nimekwambia tangu mwanzo. Mi sitaki afe. Nataka alale chini. Nataka aamke hajui yuko wapi, aombe maji kama mi nilivyoomba maji. Akicheka kwenye simu, namlaza. Akivaa vile viatu vyake virefu, namlaza. Akifa, nitamlaza nani?"

Mkono wa Saliha ulibaki hewani.

"Na mimi?" Tajudini aliuliza. "Siwezi kukuoa dada yako akiwa mke wangu, dini haikubali. Na nikimpa talaka, siku hiyohiyo ananitoa dukani na humu ndani. Unataka nifanye nini?"

"Hilo la kuolewa unalisema wewe, shemeji. Mi sijakubali hata siku moja."

Kochi likalia, Tajudini akainuka.

"Lete telekomande."

"Ya nini?"

"Lete."

"Taju, apana. Taju! Usiguse! Tafadhali, Taju, usiweke sifuri..."

Msomaji, siwezi kuiandika sauti ile. Saliha aliijua. Ilikuwa ya barabarani, ya kwenye kona, ilipomtoka Houda mara ya kwanza.

"Nilikuomba vizuri," Tajudini alikuwa anasema, kwa upole wake uleule. "Miezi mingapi nakuomba vizuri? Na usidhani nakuhitaji kwa kazi ile. Njia nyingine ninayo. Nitaifanya mwenyewe, na utakubali ukiwa hapohapo sakafuni."

Ilikuwa ni kusukuma pazia tu. Ilikuwa ni kuingia, kumpokonya kile kidude, kubonyeza mara tatu, nne, na dada yake angepumua. Alikuwa na nguvu za kutosha. Mume wake si mtu wa ngumi.

Saliha alishusha mkono.

Akaanza kuhesabu. Moja, jikoni. Mbili, uani. Tatu, siku ya Idi mbele ya wageni, alipojikojolea. Alihesabu mpaka saba, na alipofika saba Houda alikuwa bado analia, anaita, na jina alilokuwa anaita halikuwa la Mungu.

"Saliha! Saliha mdogo wangu! Nisaidie!"

Akaanza upya. Moja.

Na kitu kikamshuka kooni, kitamu, cha baridi, kama maji ya kufuturu. Alijichukia kwa kukionja. Hakuacha kukionja. Alipofika saba mara ya pili alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka kama alivyoingia. Funguo za stoo zilibaki juu ya friji.

Kibanda cha Byamungu kiko nyuma ya magereji, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa peke yake, anachomea waya. Saliha aliingia bila salamu, miguu mitupu, vumbi hadi magotini.

"Fundi. Mume wangu anasema anayo njia nyingine ya kuniua. Njia gani?"

Chuma cha kuchomea kikamponyoka. Kiliunguza meza, na hakukiokota.

"Nani amekwambia nayijua?"

"Uso wako."

Byamungu alikaa kwenye ndoo. Alipoanza kusema, alisema bila kumtazama.

"Wiki mbili zimepita, patron, bwana yako, alikuja hapa. Alisema telekomande ya shemeji yake haina nguvu, mpaka mutu aikaribishe kwa mugonjwa. Alitaka moja yenye kusikika toka mbali. Nikamutengenezea. Kisanduku, kinakula moto wa betri ya gari. Mi mwenyewe nilikifunga chini ya kiti cha mbele, kwa abiria. Ilikuwa Alhamisi hii ilipita."

"Siku moja kabla ya Ijumaa ile niliyoanguka."

"Mi sikujua, mama! Nilizani ni cha kumupunguzia mugonjwa maumivu."

"Na Jumamosi, ulipokuja na redio yako?"

Hapo alifunika uso.

"Jumamosi ndipo nilielewa. Kile kisanduku kinapiga makelele yaleyale, lakini mara ishirini. Hakihitaji tena mashine ya dada. Ukikaa juu yake..." Hakumaliza.

"Ukanyamaza."

"Patron alikuwa pale kwenye kochi, ananitazama. Mi ni mukimbizi, mama. Niko na watoto wane na karatasi moja. Akisema Byamungu ndiye alitengeneza, Byamungu ndiye muuaji, nani atasema apana?"

Saliha hakumtukana. Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja, kingine. Byamungu anasema mpaka leo kwamba hapo ndipo alipoogopa.

"Kinaweza kumfanya nini dada?"

"Dada?" Alidhani hakusikia vizuri. "Mama, unataka kusema patron."

"Mume nitadai talaka, nitaipata. Dada hapewi talaka. Nimekuuliza, kinaweza kumfanya nini?"

"Kinaweza... kinaweza kuzima mashine yake moja kwa moja. Hata telekomande haitaiamsha tena. Atabaki na maumivu yote, mpaka wamupasue upya. Lakini mama, hakuna mutu anafanya vile."

Macho ya Saliha yalikuwa yameshafika rafuni. Kati ya simu zilizokufa kulikuwa na kisanduku cha bati, nyaya zikining'inia.

"Na kile ni nini?"

"Ni cha majaribio. Cha kwanza. Kimebaki waya mbili."

"Ziunganishe."

"Apana. Mama, apana. Kwa jina la Yesu."

"Umemtengenezea mume wangu kwa ujinga," Saliha alisema. "Nitengenezee mimi kwa akili. La sivyo natoka hapa mpaka polisi, na nitasema mi ndiye nimesikia Byamungu wa Uvira akipanga na Tajudini kuniua. Umesema mwenyewe. Nani atasema apana?"

Yule ni mwanamke aliyempelekea mke wa fundi huyu unga na sabuni walipofika Buyenzi hawana kitu. Byamungu alimtafuta usoni mwanamke yule. Hakumwona. Akainama, akaokota chuma.

Simu ya Saliha ikalia. Tajudini.

"Mke wangu, uko wapi? Nimepita dukani hukuwepo." Sauti ya asali. "Dada amezidiwa sana. Nataka tumpeleke kliniki, sote watatu. Nakuja kukuchukua na gari."

"Niko kwa Byamungu."



"Kwa Byamungu unafanya nini?"

"Redio imeharibika tena. Njoo, mume wangu. Nakungoja."

Akakata. Byamungu alikuwa ameganda.

"Utapanda gari ile?"

"Fanya kazi yako."

Ikapita robo saa. Waya wa kwanza ulishika. Byamungu alipuliza moshi, akasogeza wa pili, na umeme ukakatika. Mtaa mzima ulinung'unika kwa pamoja kama kawaida yake, mashine za kuchomelea za magereji zikazimika moja baada ya nyingine. Fundi aligusa ncha ya chuma kwa kidole. Ilikuwa inapoa.

"Waya moja, mama. Imebaki waya moja."

Saliha alichukua kisanduku hivyohivyo, akakiweka ndani ya mkoba wake. Tajudini hajui kama kinafanya kazi au hakifanyi. Houda hajui. Hofu peke yake ingetosha kwa dakika chache.

Nje, gari likasimama. Injini haikuzimwa.

Saliha alijifunga mtandio vizuri, akasukuma mlango, akatoka juani. Kioo cha dereva kilikuwa kinateremka, taratibu.

Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Houda.

Alikaa wima kama msichana wa miaka ishirini, telekomande mapajani. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi kifuani, midomo ilikuwa imepasuka, na kwenye mkono wa gauni lake kulikuwa na kitu cheusi ambacho kilikuwa bado hakijakauka. Alitabasamu.

Saliha alitazama kiti cha nyuma ya Houda. Kwenye kioo cha dirisha la nyuma, kwa ndani, ilikuwa imeegemea soli ya kiatu cha Tajudini. Haikutikisika.

Houda alinyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wa abiria, palepale penye kisanduku chini ya kiti.

"Panda mbele, mdogo wangu," alisema. "Nyuma kumejaa."